Kigingi cha Kutundikia Koti

Nilifika Mvukeni siku ya Jumapili, nikiwa na sanduku la bati mkononi na barua ya kusimamishwa masomo wiki mbili mfukoni. Njia niliyopita haina umuhimu kwa msomaji. Kwa wanaopenda kujua sababu, kosa langu shuleni lilikuwa kugeuza kibao kimoja tu, kile kilichoandikwa OFISI YA MKUU WA SHULE. Sikukusudia kwamba wajumbe wa bodi wakifuate hadi kwenye banda la mbuzi na kusubiri huko dakika arobaini. Nilieleza hivyo mbele ya kamati ya nidhamu, na kamati haikushawishika. Basi nikaona ni vyema, kabla ya kumkabili mama nyumbani, nitembelee kwanza nchi ya mbali na kuandika ripoti yenye manufaa kwa jamii. Ripoti yenyewe ndiyo hii.

Watu wa Mvukeni ni wapole, wasafi, na wana kiu. Nyumba zao ni za matete, nyepesi kama vikapu, na kila moja ina mishikio miwili ubavuni. Mwenye nyumba huibeba kokote aendako, sokoni, shambani, hata msibani. Nilimwona bwana mmoja amekwenda kumjulia hali rafiki yake mgonjwa. Aliiweka nyumba yake kando ya kitanda, akachungulia ndani yake muda wote wa mazungumzo, akasema "pole sana" mara nne, kisha akainyanyua akaondoka. Mgonjwa hakukasirika. Alikuwa amejifunika blanketi anachungulia ya kwake.

Wakitaka kuzungumza na walio mbali, hutumia mvuke. Unachemsha maji, unasema neno lako juu ya sufuria, mvuke unalibeba, unatoka kwenye tundu la paa na kwenda kushuka kwa yule uliyemtaja. Kwa mtu wa mtaa wa pili, kikombe kimoja kinatosha. Kwa mtu wa ng'ambo ya mlima, ni vikombe vitatu. Maji ya kuazima hayafai, kwa kuwa hubeba sauti ya mwenye mtungi. Niliambiwa habari ya kijana aliyeposa kwa maji ya babu yake. Posa ilikubaliwa, na babu anaishi kwa raha hadi leo.

Kila nyumba hupewa na Baraza mtungi mmoja wa maji kwa mwezi. Mtungi hushonewa kwenye kona ya nyumba na hauwezi kutolewa. Mwezi ukiisha, afisa mwenye kofia nyeupe hupita nyumba hadi nyumba, anayamwaga chini maji yaliyobaki, kisha anajaza upya. Nilikutana na afisa huyo barabarani nikamuuliza kwa nini asijazie tu juu ya yale yaliyomo.

"Yale ni ya mwezi uliopita," alisema. "Muda wake umekwisha."

"Lakini ni maji."

"Yalikuwa maji," alinisahihisha kwa upole, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi wa mwisho darasani.

Kipo pia kisima cha Baraza, ambacho maji yake ni bure na hayana kipimo, mradi yatumiwe palepale kisimani. Hufunguliwa Jumamosi tu.

Nilipata makazi kwa Bi Zamoyoni, mjane anayesuka mishikio ya nyumba, mama mwenye mikono ya kazi na adabu nyingi kupita kiasi. Alinikaribisha bila kuniuliza natoka wapi, akaniandalia muhogo wa kukaanga, na akaniomba radhi kwa kuwa hakuwa na kitu cha maana. Ana mtoto mmoja, Mkejina, aliyevuka mlima kwenda kuomba nafasi katika Chuo cha Wakunga. Mkejina alikuwa amefaulu usaili na kilichobaki kilikuwa kitu kimoja. Chuo hicho hakimpokei binti mpaka mzazi wake aridhie kwa sauti yake mwenyewe. Masikio ya chuo hufunguliwa Alhamisi asubuhi na kufungwa saa sita mchana. Sauti ya mzazi isiposikika, nafasi hupewa mwingine.

"Ameisubiri miaka mitatu," Bi Zamoyoni aliniambia, akigonga mtungi kwa kidole kusikiliza umebaki na kiasi gani. "Vikombe saba. Vitatu vinatosha kuvuka mlima. Sisemi na mtu mwingine mpaka Alhamisi. Jirani akinisalimu kwa mvuke, nitamjibu kwa mkono dirishani."

Kwa hiyo Jumapili jioni tulilala na matumaini. Jumatatu alikuja fundi.

Hakubisha hodi. Sheria ya Mvukeni inasema kubisha hodi ni kuashiria kwamba maboresho yanaweza kukataliwa, jambo ambalo lingewatia wenye nyumba wasiwasi. Alisukuma tu mlango, mtu mnene mchangamfu mwenye koti la kijani la mifuko kumi na minne. Bi Zamoyoni aliruka kutoka kwenye mkeka, akalipokea koti kwa mikono miwili, akalitundika kwenye kigingi cha mti kilichokuwa nyuma ya mlango. Kigingi hicho kilikuwa cheusi na kinang'aa kwa mafuta ya makoti ya mafundi wa miaka mingi.

"Fundi Mzuzuri, Idara ya Maboresho," alijitambulisha kwangu. "Wewe ni mgeni?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Usijali, hutasikia chochote."

Akatoa mkataba, ambao ni kitambaa kilichoviringishwa chenye unene wa mto wa kulalia, akausukuma kwa mguu. Mkataba ulijikunjua ukatoka mlangoni, ukavuka barabara, ukapita chini ya mbuzi wa jirani na kupotea kwenye kona.

"Someni, kisha mseme mmekubali."

"Nimekubali," alisema Bi Zamoyoni, kabla mkataba haujasimama.

"Kuna mtu amewahi kuusoma?" niliuliza.

"Babu yangu alianza," alisema Bi Zamoyoni. "Tulimzika akiwa amefika mwanzo wa sehemu ya pili."

Fundi Mzuzuri alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akachota kikombe akanywa, akajifuta midomo, akaanza kazi. Alilihamisha dirisha kutoka kushoto kwenda kulia. Alizichonga pembe za meza mpaka meza ikawa mviringo kama gurudumu. Akanywa kikombe cha pili. Akaitoa chumvi mahali pake akaweka sukari, na sukari akaiweka juu ambapo Bi Zamoyoni hafiki. Aliziba tundu la paa na kutoboa jingine ubavuni mwa nyumba, upande wa kwa jirani. Akatangaza kwamba jiko sasa litaitwa Kituo cha Mapishi. Akanywa kikombe cha tatu.

Haki itendeke: alitengeneza pia komeo la mlango, ambalo hadi siku hiyo mwizi yeyote angeweza kulifungua kwa kijiko cha chai. Hilo alilifanya kwa dakika mbili, mwisho kabisa, bila kulitaja.

Kisha alisimama wima akasoma tangazo kutoka kwenye mfuko wa tisa: "Tumeboresha mambo mbalimbali ili kukupa makazi mazuri zaidi."

"Mambo gani?" niliuliza.

"Mbalimbali."

"Fundi, asante," alisema Bi Zamoyoni, akimvisha koti. "Utarudi lini tena? Mwezi ujao?"

"Jumatano, mama. Naleta Boresho Kuu. Hilo si mchezo, linakuja kwa mkokoteni."

"Linakunywa vikombe vingapi?"

"Mtungi."

"Mtungi wangu una vikombe vinne tu."

"Basi litakunywa vinne," alisema Fundi Mzuzuri kwa ukarimu, akaenda zake.

Bi Zamoyoni alikaa kwenye kigoda. Alinyoosha mkono kuchukua chumvi atie kwenye mboga, akatia sukari. Niliionja mboga ile nikaila yote, na naomba hili liwekwe kwenye kumbukumbu zangu za tabia njema.

Jumanne tuliinyanyua nyumba tukaenda nayo barazani kulalamika. Ukumbi wa Baraza ni mzuri sana isipokuwa mlango wake uko juu, kwenye dari, ulikohamishiwa na boresho la mwaka jana, na wajumbe huingia kwa ngazi. Tulipokewa na Mheshimiwa Shekue, mwenyekiti wa Kamati ya Furaha ya Wenye Nyumba, mzee aliyenyooka, mwenye miwani minene. Bi Zamoyoni alieleza shida yake kwa sauti ya chini: binti, chuo, Alhamisi, vikombe vinne, Boresho Kuu. Aliomba fundi asije Jumatano. Aje Ijumaa, hata akinywa na kamba za mtungi.

"Mama," alisema Mheshimiwa Shekue, "kwa nini unaomba kitu ambacho tayari ni chako? Haki ya kumzuia fundi ipo. Ni kongwe kuliko jengo hili."

Bi Zamoyoni alishika kifua. "Ipo? Iko wapi, mheshimiwa?"

"Ndani ya kila nyumba."

"Sehemu gani ya nyumba?"

Wajumbe walitazamana. Karani akatumwa kutazama kitabu. Alirudi akasema kitabu kimo kabatini, kabati liliboreshwa mwezi uliopita, na sasa milango yake imetazama ukutani.

Hapo mjadala ukafunguliwa, nami nikaufuata kwa makini. Mjumbe wa kwanza alisema haki hiyo ni nzuri mno na ndiyo maana iliwekwa mahali pasipoonekana, kwa kuwa kitu kizuri kikionekana hutumika, na kikitumika huchakaa. Wa pili alisema hakuna tatizo lolote, kwani katika miaka kumi na moja Baraza halijapokea lalamiko hata moja.

"Watu hulalamikaje?" niliuliza.

"Kwa mvuke, bila shaka."

"Kuja hapa ni vikombe vingapi?"

"Vinane," alisema, kisha akatazama karatasi zake kwa muda mrefu.

Wa tatu akapendekeza mafundi waanze kuwaboresha wenye nyumba wenyewe, ili wapungukiwe na hamu ya kusema na watu wa mbali. Pendekezo hilo lilipigiwa makofi na kupelekwa kwenye kamati ndogo.

"Unaona, mama," alimalizia Mheshimiwa Shekue, "wewe unatazama kinachopungua mtungini. Hutazami unachopata."

"Nimepata dirisha upande wa pili."

"Umeona!"

Njiani kurudi, Bi Zamoyoni alibeba mshikio wa mbele nami wa nyuma. Sikuuona uso wake. Niliona tu mabega.

"Mkejina atadhani nimekataa," alisema. "Atakaa pale dirishani mwa chuo, saa sita itafika, atasikia jina la mtoto wa mwenzake. Halafu atarudi nyumbani asiniulize kitu. Namjua. Hataniuliza."

Kila mtu ana kitu anachokiweza. Usiku ule kabla ya kulala niliamua kwamba, kama siwezi kumzuia Fundi Mzuzuri kunywa maji, angalau nitahakikisha koti lake linaangukia kwenye ndoo ya majivu.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi, Bi Zamoyoni akiwa nje anaanika ukindu, niliivuta ndoo nyuma ya mlango, nikakishika kile kigingi ili nikilegeze. Nina uzoefu na kazi hiyo. Kuna vitanda vitatu bwenini kwetu vinavyoweza kunishuhudia. Nilitarajia kigingi kikatae, kisha kilegee polepole kama vilegeavyo vigingi vyote. Hiki hakikukataa. Kilizunguka kwa ulaini, kikalia: *tk*.

Nilikiachia, kikarudi kilipokuwa. Nikakizungusha tena. *Tk.* Nikachota majivu ya ndoo, nikasugua ubao nyuma yake, na chini ya mafuta ya miaka yote ile zikatokea alama tatu zilizochongwa kwenye mti. Ya kwanza ilikuwa mdomo unaokunywa. Ya pili ilikuwa kisima. Ya tatu ilikuwa kiganja kilichoinuliwa, kama cha mtu anayesema ngoja kwanza. Kichwa cha kigingi kilielekea kwenye mdomo.

"Mwanangu, unafanya nini na kigingi cha wageni?"

Bi Zamoyoni alikuwa amesimama mlangoni na ukindu mikononi. Nilimwonyesha. Aliinama, akazitazama alama, akapapasa kiganja kile kwa kidole.

"Mama, haki yenyewe ndiyo hii. Mheshimiwa alisema imo ndani ya nyumba."

"Hapa ni mahali pa kutundikia koti."

"Nani alisema?"

"Mama yangu alitundika koti la fundi hapa. Na bibi yangu. Fundi akiingia, unapokea koti lake, unalitundika. Ndivyo watu wenye adabu wanavyofanya."

"Na kuna hata mmoja aliyewahi kukizungusha?"

"Mtu azungushe mahali pa kutundikia koti kwa nini?"

Naliripoti hili kama lilivyo. Nchi nzima ilikuwa na komeo dhidi ya mafundi, limo ndani ya kila nyumba, linafanya kazi, na kwa vizazi vitatu walilitumia kuwatundikia mafundi makoti.

Nilijaribu kukielekeza kwenye kisima, lakini kila nilipoondoa mkono kilirudi kwenye mdomo. Hakikumtambua mgeni. Kilimtaka mwenye nyumba. Na tangu mwisho wa barabara tukaanza kusikia magurudumu ya mkokoteni, na Fundi Mzuzuri akipiga mluzi.

"Mama, kigeuze. Anakuja."

Alirudisha mikono nyuma. "Mimi nimfukuze mtu mlangoni kwangu? Watu watasema nini? Zamoyoni kamfungia fundi, na hata chai hakumpa."

"Humfukuzi. Unamwambia akanywe kisimani."

"Ni mtu mzima yule. Ana familia."

"Na wewe je? Una Mkejina."

Mluzi ulikuwa umefika kwa jirani. Bi Zamoyoni alitazama mtungi, akatazama kigingi, akafuta kidole gumba kwenye kanga yake kama mtu anayekwenda kuweka alama kwenye hati. Kisha akakizungusha mwenyewe, mara moja, kwa nguvu za mkono unaosuka mishikio. *Tk.* Kikakaa kwenye kisima, na hakikurudi.

Mkokoteni ulisimama. Mlango ulisukumwa. Fundi Mzuzuri aliinua mguu kuvuka kizingiti, akatupa jicho nyuma ya mlango kwa mazoea, na mguu ukabaki hewani. Akaurudisha chini. Akarudi nyuma hatua mbili, akaliweka sawa koti lake, akasema neno ambalo Bi Zamoyoni hakuwahi kulisikia kutoka kwa fundi maisha yake yote.

"Hodi."

"Nani?" alisema Bi Zamoyoni, ingawa alikuwa akimwona.

"Mzuzuri, mama. Idara ya Maboresho. Naona umeelekeza kisimani."

"Ulikuwa unajua!"

"Mafundi wote tunajua. Ndilo somo la kwanza: kabla hujaingia, tazama kigingi."

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama." Alikuna shingo, na naandika hapa kwamba aliona aibu kidogo. "Halafu unalipokea koti langu kwa mikono miwili, unalitundika kwa heshima ile. Ningekuambiaje kwamba unalitundika kwenye usukani?"

"Hilo Boresho Kuu," alisema Bi Zamoyoni, "lina nini ndani?"

"Mambo mbalimbali."

"Basi yakasubiri kisimani na mengine. Jumamosi nitakuja."

"Sawa, mama," alisema Fundi Mzuzuri. Hakubishana hata kidogo. Akageuza mkokoteni, akaenda nyumba ya pili, na huko akaingia bila hodi.

Alhamisi asubuhi tuliwasha mkaa mapema. Vikombe vilikuwa vinne na tulihitaji vitatu, kwa hiyo Bi Zamoyoni akatumia kimoja kwa salamu, maana kwao ni utovu wa heshima kuvuka mlima na jambo zito bila kutanguliza salamu, na salamu ni nyepesi, kikombe kimoja huivusha. Maji yalichemka. Akainama, akasema, "Hamjambo huko chuoni? Mnanisikia?"

Mvuke ulipanda, ukakuta paa limezibwa, ukageuka, ukatoka kwenye lile tundu jipya la ubavuni.

"Hatujambo!" ilijibu sauti nzito kutoka nyumba ya jirani, Bwana Ngwali. "Nakusikia vizuri mno! Mbona kama uko hapa hapa?"

Tukabaki na vikombe vitatu kamili. Bi Zamoyoni alilishika tundu lile kwa mikono yote miwili kana kwamba angeweza kulirudisha paani. Jua lilikuwa limepanda.

"Nyumba ina mishikio," nilisema.

"Ina mishikio, ndiyo. Na mimi ndiye niliyeisuka."

"Basi tuilaze. Tundu litazame juu."

Alinitazama kama kamati ya nidhamu ilivyonitazama, isipokuwa yeye alifikiri kwanza. Kisha akatoa kichwa dirishani. "Bwana Ngwali! Njoo utusaidie kuangusha nyumba!"

Bwana Ngwali alikuja akiwa bado ana salamu usoni. Tuliziba mdomo wa mtungi kwa kitambaa, tukatoa jiko, tukashika mishikio, tukailaza nyumba ubavu. Sufuria zilishuka zote kwa pamoja. Meza iliyochongwa pembe ilipata uhuru wake, ikatoka mlangoni ikiviringika, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa inaelekea sokoni. Tukaliingiza jiko tena, tukaliweka juu ya ukuta ambao sasa ulikuwa sakafu. Bi Zamoyoni akachota maji yote yaliyokuwamo, akaweka sufuria motoni, akapiga magoti.

"Fundi angeona hivi," alisema Bwana Ngwali, "angesema ni boresho."

"Nyamaza, Ngwali."

Maji yalianza kuimba. Nilitazama kivuli cha mlango, ambacho kilikuwa kimebaki kidogo sana kabla ya saa sita. Bi Zamoyoni alivuta pumzi.

"Mimi Zamoyoni, mama yake Mkejina," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu ambaye hakuwahi kumpokea mtu koti maisha yake yote. "Nimeridhia. Mpokeeni mwanangu."

Mvuke ulisimama kidogo kama unaulizia njia, kisha ukapanda wima kupitia tundu, mweupe, mnene, ukakunja kuelekea mlimani. Sufuria ilibaki kavu. Mtungi ulibaki mkavu. Tulikaa watatu kwenye ukuta wa nyumba, na saa sita ikapita, na saa saba.

Saa nane kasoro ulishuka mvuke mwembamba kupitia tundu lile, ukatua juu ya magoti ya Bi Zamoyoni.

"Mama," ulisema, "nimeandikwa. Nimeandikwa, mama! Lakini mbona sauti yako imefika imelala chali?"

Bi Zamoyoni alicheka mpaka akalia, na Bwana Ngwali akalia bila kupitia kicheko.

Jumamosi tulikwenda kisimani. Habari zilikuwa zimeenea, kwa kuwa Bwana Ngwali hakuwa mtu wa kukaa na habari, na nyumba mia mbili zilikuwa zimepangwa kwenye mstari. Ndani ya kila moja kulikuwa na mtu anasugua kigingi kwa majivu. Mafundi walikuwa wamesimama wamekumbatia makoti yao. Mheshimiwa Shekue alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahutubia. Alisema kigingi ni zawadi ya Baraza kwa wananchi, na kwamba Baraza limekuwa likisubiri kwa hamu kubwa wananchi wakigundue. Akatangaza pia, kwa furaha, kwamba Boresho Kuu litakihamishia kigingi nyuma ya mtungi, chini, ndani ya kijisanduku, ili kisiwasumbue macho.

"Tumekuba..." walianza watu wa mbele kwa mazoea.

"Ngojeni," alisema Bi Zamoyoni.

Hakupaza sauti. Alikizungusha tu kigingi chake hadi kwenye kiganja, *tk*, na ukimya uliokuwapo ulifanya mstari mzima usikie.

Fundi Mzuzuri akasogea hadi kizingitini. "Hodi."

"Karibu. Ila baki hapohapo. Umeniletea nini?"

"Mambo mbalim..."

"Moja moja, mwanangu."

Alipekua mifuko, akaipata karatasi kwenye mfuko wa kumi na nne, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuisoma. "Msumari wa pili wa komeo."

"Ndiyo. Komeo ulilitengeneza vizuri, sikukushukuru."

"Tundu la moshi, lirudi paani."

"Ndiyo, na upesi."

"Dirisha, lirudi kushoto."

Bi Zamoyoni alifikiri. "Liache. Nimeshalizoea."

"Na kigingi," alisema fundi taratibu, "kiende nyuma ya mtungi."

"Hapana."

Mheshimiwa Shekue alikohoa kutoka juu ya ndoo yake. Hakuna aliyegeuka. Fundi Mzuzuri alikunja karatasi, akanywa maji ya kisima mpaka akatosheka, akaingia alipokaribishwa. Alitafuta kwa macho mahali pa kutundika koti.

"Livae tu," alisema Bi Zamoyoni.

Nilimwacha anafanya kazi amevaa koti, anatokwa na jasho, na nikiwa naondoka nilisikia nyuma yangu, nyumba baada ya nyumba, mstari mzima: hodi, hodi, hodi. Majibu hayakuja haraka.

Nyumbani mama alikuwa ameketi ukumbini, simu kwenye mkono mmoja. Nilimpa barua ya shule kwa mkono wake wa pili. Aliisoma mara mbili.

"Kugeuza kibao," alisema. "Mwanangu mwenyewe. Na juzi yalikuwa makomeo, na mwaka jana kengele. Hivi wewe kwa nini huwezi kuona kitu ukakiacha kilivyo?"

Kabla sijajibu, simu ilitetemeka. Mama aliitazama, uso ukambadilika.

"Tena! Nimeweka bando asubuhi, sijampigia mtu, sijatuma hata salamu. Eti inajisasisha. Nani kaiambia?"

"Mama," nilisema, kwa sauti ya chini inayofaa mtu aliyesimamishwa masomo, "naomba unipe. Nigeuze kitu kimoja tu."